Shangazi aliambiwa ana figo kubwa, tukafurahi

Karatasi ya ultrasaundi ya shangazi ninayo mpaka leo, nimeiweka ndani ya daftari la ghala la marehemu baba, imekunjwa mara nne na pale kwenye mkunjo wino umeanza kufutika ila namba bado zinasomeka vizuri tu: figo ya kulia sentimita 17.8, ya kushoto 18.4. Siku aliyoniletea alishuka na basi la Newala hapa Mtwara mjini kwenye saa tisa hivi, nikampa shikamoo na hata marahaba haijaisha mdomoni akaanza kufungua kanga yake pembeni alikofunga ile karatasi, akanikabidhi. "Baba, wamenipima. Figo zangu kubwa, hazina neno." Aliyempima alimwambia hivohivo tu, mama figo zako kubwa, akamwandikia, akaita mgonjwa mwingine.

Na sisi tukafurahi, nasema kweli, mke wangu akatenga chakula tukala siku ile na moyo mweupe kabisa. Kwa nini tusifurahi? Kwetu huku kubwa ndo zuri. Mhogo mkubwa, korosho kubwa, mtoto kazaliwa na kilo 4 watu wanapiga vigelegele. Mtu akikwambia una moyo mkubwa hajakutukana.

Mi sikujua kwamba figo ya mtu mzima inakuwa kati ya sentimita 9 na 12 hivi kwa urefu, kama ngumi iliyofumbwa, na kwamba figo ya sentimita 18 sio figo iliyonawiri. Ilinichukua miezi mingine saba kujua, na katika hiyo miezi saba shangazi aliendelea kununua diklofenaki duka la dawa kwa ajili ya mgongo, kila akiumwa anameza, na mgongo wenyewe haukuwa mgongo, zilikuwa ni hizo figo. Ndo maana naandika haya, kwa urefu, kwasababu najua kuna mtu Tandahimba au Nachingwea au Kilwa ana karatasi kama ile kwenye pochi na hajui imesema nini.

Nianzie kwenye korosho, maana hapo ndo mimi mwenyewe nilipoelewa. Baba alikuwa karani wa ghala chama cha msingi. Msimu ukifika magunia yanaingia, na watu wanaoleta mzigo wana tabia ya kusifia ukubwa, angalia karani punje hizi zilivyo, unaona? Baba hajibu. Anachota kiganja kutoka katikati ya gunia sio juu, anakaa kwenye kigoda, anakata moja moja kwa mkasi wake wa korosho, anazipanga nusu nusu kwenye ubao. Nyingine ndogo, ukiikata nyeupe imejaa mpaka ukingoni. Nyingine kubwa inavutia, ukiikata ndani imenywea, kuna uwazi, au imeingia weusi. Sasa kwa kawaida punje kubwa kweli inabeba nyama nyingi kuliko ndogo, baba hakubisha hilo, ndo maana kubwa zina soko. Lakini alikuwa anasema nataka kujua kimeifanya nini ikawa kubwa. Na kwa jinsi korosho ilivyo na umbo la figo kabisa, ule mkunjo wake pale katikati, daktari aliponieleza habari ya shangazi mi nilichoona kichwani ni ule ubao wa baba.

Figo ndani yake kuna vichujio vidogo sana vinaitwa nefroni. Kwa wastani kila figo ina kama milioni moja, lakini wastani unaficha mambo, maana kuna watu wazima kabisa wanatembea wana laki 2 na kitu na wengine wamepita milioni 2. Kazi yao ni kuchuja, kwa siku damu inachujwa kama lita 180 za maji, karibu yote yanarudishwa mwilini, wewe unakojoa lita moja na nusu au mbili. Fikiria kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu kikubwa chenye matundu mengi unakamua taratibu tui linatoka. Kidogo chenye matundu machache, kama nazi ni ileile, itabidi ukamue kwa nguvu, na ukikamua kwa nguvu kila siku miaka 30 zile nyuzi za ukili zinaanza kuachia. Nefroni zikiwa chache ndo kinachotokea, kila moja inabebeshwa mzigo wa mwenzake, inavimba, inafanya kazi kwa presha kubwa, mwisho inakufa inabaki kovu, mzigo unahamia kwa zilizobaki.

Na nefroni hazitengenezwi ukubwani. Hili ndo lilinikaa rohoni kuliko yote. Mtoto akiwa tumboni zinaendelea kutengenezwa mpaka kama wiki ya 36 ya mimba, baada ya hapo basi, ulizonazo ndo hizohizo mpaka kaburini. Figo ya mtoto inakua kadiri anavyokua kwasababu kila nefroni inanenepa na kurefuka, sio kwasababu zinaongezeka idadi. Mwaka 1988 daktari mmoja Mmarekani, Barry Brenner, yeye na wenzake wakatoa hoja kwamba huenda mtu aliyezaliwa na nefroni chache ndo anakuja kupata presha ukubwani. Watu walibishana sana. Mwaka 2003 watafiti Ujerumani wakachukua figo za watu waliokufa kwenye ajali, 10 waliokuwa na presha na 10 wasiokuwa nayo, wakahesabu nefroni. Wale wa presha walikuwa na kama laki 7 kwa kila figo, wasio na presha kama milioni 1.4. Nusu yake! Ni watu 20 tu, sio wengi, lakini kuhesabu vitu hivyo ni kazi ya mkono na darubini na mtu aliye hai huwezi kumfanyia, kwahiyo kwa aliye hai tunabaki kukisia kwa ukubwa wa figo, na ukubwa unadanganya, tutafika huko.

Sasa jeni, yale maelekezo ya kuujenga mwili tunayorithi kwa wazazi, zinaingia wapi. Ziko nyingi zinazosimamia figo kujengwa tumboni, moja inaitwa PAX2. Kule Montreal Kanada walipima watoto wachanga kwa ultrasaundi wakaangalia na jeni zao, mwaka 2007 wakaeleza kwamba watoto wenye aina fulani ya PAX2, aina ya kawaida tu sio ya ugonjwa, figo zao zilikuwa ndogo kwa kama asilimia 10. Mtoto mzima, analia, ananyonya, hamna mtu anayeona chochote. Ila kaja duniani na kifumbu kidogo.

Halafu kuna kazi kubwa ya Uingereza, wanaiita UK Biobank, watu laki 5 waliojitolea wakatoa damu na taarifa zao, na sehemu yao wakapigwa picha za MRI, kompyuta ikapima figo zao ukubwa. Ugumu wa zamani ulikuwa huu, ukimkuta mtu figo ndogo na inachuja vibaya, kipi kilianza? Maana figo ikiugua miaka mingi yenyewe inasinyaa, inajaa makovu, kwahiyo udogo unaweza kuwa chanzo na unaweza kuwa matokeo, kama vile kumkuta mtu kalala chini hujui kaanguka au kapumzika. Jeni zinasaidia hapo. Jeni unapewa siku ya kutungwa mimba, kabla ya presha, kabla ya chumvi, kabla ya diklofenaki, na unapewa kama kura, ugonjwa wa ukubwani hauwezi kurudi nyuma kuzibadilisha. Kwahiyo ukiwagawa watu kwa jeni walizozaliwa nazo zinazoelekeza ukubwa wa figo, unaweza kuona nini kimetangulia. Na picha inayojitokeza ni kwamba sehemu ya jeni zinazopanga ukubwa wa figo ndo hizohizo zinazogusa uchujaji, na kwa watu wa kawaida wasio na ugonjwa wa kurithi, kuelekea figo kubwa kidogo kunaendana na kuchuja vizuri zaidi. Waliopimwa kule wengi mno ni wazungu, hilo ni lazima niliseme, na mtu mwenye mwili mkubwa ana figo kubwa vilevile, lakini mwelekeo ndo huo.

Kwahiyo shangazi alikuwa na haki ya kufurahi? Hapana, na hapa ndo naomba msomaji utulie.

Kwanza, jeni sio kila kitu. Binti wa dada yangu alizaliwa njiti, wiki 31, kilo 1.4. Walimfunga kifuani kwa mama yake wiki tatu, nilikuwa naenda jioni naona kichwa tu kimetokeza kwenye kanga, kofia ya sufi imemzidi. Huyo jeni zake zinaweza kuwa nzuri kabisa, lakini alitoka kabla kiwanda hakijafunga kazi. Sasa ana miaka 6, anakimbia, ana meno mawili yametoka mbele, na dada anampeleka kupima presha kila mwaka na hampi dawa za maumivu ovyo. Watu wanamwambia dada unamtafutia mtoto ugonjwa. Mi namwambia usiache.

Shangazi yeye kesi yake ni nyingine kabisa. Miguu ilipoanza kuvimba tukampeleka kwa daktari mwingine, kijana tu, akachukua ile karatasi akaisoma yote, sio urefu peke yake, akamrudisha kitandani akampima upya mwenyewe na akanigeuzia kile kioo. Akaniambia kaka angalia. Nikaona duara nyeusi, nyingine kubwa kama yai nyingine kama kunde, zimebanana, kila mahali. "Haya yote ni maji. Nyama ya figo ni hii hapa katikati iliyobaki." Vifuko vya maji. Figo ilikuwa kubwa kama ile korosho ya kwenye ubao wa baba, kubwa nje, ndani hamna. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo inatakiwa iitoe, ilikuwa imepanda sana.

Ugonjwa wenyewe, huu wa figo kujaa vifuko vya maji, ni wa kurithi. Mara nyingi chanzo ni hitilafu kwenye jeni inaitwa PKD1, iko kromosomu ya 16 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni), iligunduliwa mwaka 1994, na wachache ni PKD2 ya kromosomu ya 4 ambayo huwa inaenda polepole zaidi. Kila kifuko kinaanzia kwenye kibomba cha nefroni moja, kinajaa maji, kinajitenga, kinakua, kinawabana majirani mpaka wanakufa. Na ubaya wake ni kwamba zile nzima zinafidia kwa miaka mingi, damu ukipima inakuja safi, mtu ana miaka 30 anaambiwa uko vizuri, huku figo inaendelea kuongezeka. Marekani walifuatilia watu 241 wenye ugonjwa huu wakiwapiga picha kila mwaka, majibu yakatoka 2006, figo zilikuwa zinakua kwa kama asilimia 5 kila mwaka, na wale waliokuwa na figo kubwa zaidi ndo waliokuwa wanapoteza uchujaji haraka. Yaani kwenye ugonjwa huu ukubwa ndo kengele ya kwanza, inalia miaka mingi kabla ya kreatinini, na shangazi yangu kengele ilimlilia tukaiona ni pongezi.

Daktari akauliza, kwenu nani mwingine? Nikasema hamna. Nilikuwa nimejibu kabla ya kufikiri. Tukirudi nyumbani kwenye bajaji shangazi ndo akaanza, taratibu, kama anayehesabu shanga. Babu yako tumbo lilimjaa huku na huku, likawa gumu, tukasema karogwa. Baba yako mdogo kiharusi, miaka 44. Na baba yako je? Baba yangu alikuwa na presha tangu mi niko darasa la pili, na alifariki ghafla, kichwa kilimuuma asubuhi, akakaa kwenye kigoda chake, hakuamka tena. Baadaye nikaja kujua kwamba ugonjwa huu mbali na figo unaweza kudhoofisha mishipa ya kichwani pia. Hakuna aliyewahi kumpiga baba ultrasaundi.

Hapa kuna kitu cha kwetu ambacho lazima nikiseme. Sisi Wamakonde kwa asili ukoo unaenda kwa mama, hata Wamwera na Wamakua ni hivohivo, mtoto ni wa wajomba zake, kwa upande wa baba wewe ni mgeni unayependwa. Kwahiyo mambo ya ukoo wa baba, magonjwa yao, vifo vyao, hatukufundishwa kuyahesabu kuwa ni yetu. Mjomba nilipomweleza alinijibu kwa upole kabisa, mwanangu hayo ni ya kwao, wewe damu yako iko huku. Namheshimu sana mjomba, kanisomesha, lakini kwenye hili damu haifuati utaratibu wetu. PKD1 mtu mwenye hitilafu hiyo, awe mama awe baba, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na inarushwa upya kwa kila mtoto, haijali wa kwanza alipata au hakupata. Baba kazaa watatu.

Tukapimwa. Mimi nina miaka 41, figo zangu sentimita 10.1 na 10.4, kifuko hakuna hata kimoja. Daktari akanieleza kwamba kwa mtu wa familia yenye ugonjwa huu, akifika miaka 40 na ultrasaundi isionyeshe walau vifuko viwili, anahesabika hana. Dada yangu, huyu mama wa njiti, ana 43, naye hana. Tukaanza kushukuru, alafu akaingia mdogo wetu wa mwisho, miaka 33, fundi wa kuchomelea, hajawahi kuumwa hata siku moja. Kwa umri wa miaka 15 mpaka 39 kwenye familia kama yetu vifuko vitatu jumla vinatosha kusema anao. Alikuwa na vinne kulia, vitatu kushoto. Figo zake sentimita 13 na ushee. Damu safi. Presha 148 kwa 96 na hakuwa anajua.

Alitoka nje akakaa kwenye msingi wa ukuta chini ya mwembe, akawa anachora chini kwa kijiti. Nikakaa naye. Hakuniuliza habari za kufa, aliniuliza, "Kaka, kwahiyo na mtoto?" Ana binti wa miaka 4.

Nilichoweza kumwambia siku ile ni kidogo, ila cha kweli. Kwamba shangazi alichelewa na yeye hajachelewa. Kwamba mwaka 2014 kuna utafiti ulionyesha vijana wenye ugonjwa huu na figo bado nzima, wakishusha presha yao kisawasawa kwa dawa, figo zinapunguza mwendo wa kukua. Dawa za presha zinapatikana, kazi ni kutokuziacha. Chumvi apunguze, maji anywe, diklofenaki na brufeni asiziguse, akiumwa ameze panadol. Na mtoto apimwe presha tu kwa sasa, ultrasaundi ya utoto ikija safi haimaanishi kwamba hana.

Nisije nikaeleweka kwamba figo kubwa maana yake ni urithi kila mara. Kisukari kikianza kinaweza kukuza figo, inachuja kupita kiasi mwanzoni. Wenye seli mundu vilevile. Mtu mwenye figo moja tu hiyo moja inakua kufidia, na hiyo ni neema, ndo inayowezesha ndugu kumchangia ndugu na wote wakaishi, kama pacha wale wa Boston, Marekani, mwaka 1954, mmoja alipompa mwenzake figo, na sisi hapa Muhimbili walianza 2017. Na kuna hii ya kwetu kabisa ya kichocho. Sisi wa bondeni na pwani tulikua tukiona damu kwenye mkojo wa wavulana watu wanacheka wanasema keshakuwa, kumbe mayai ya kichocho yanaweka makovu kwenye njia ya mkojo, mkojo unakosa pa kupita unarudi juu, figo inatanuka kama puto. Hiyo jeni haihusiki, ni maji ya mtoni na konokono, na ina dawa, prazikwanteli, ukiwahi.

Na kuna upande wa pili, figo yenye ukubwa wa kawaida kabisa na bado jeni ina jambo. Mwaka 2010 waligundua aina mbili za jeni ya APOL1, kwa watu wenye asili ya Afrika, zaidi Afrika Magharibi, ambazo mtu akirithi mbili, moja kwa baba moja kwa mama, hatari yake ya ugonjwa wa figo inapanda, hasa akiwa na VVU bila dawa, na hapo figo mara nyingi hazisinyai, zinabaki na ukubwa wake au kuzidi. Inaaminika aina hizo zimeenea kwasababu zilisaidia dhidi ya malale. Mtu wa Lindi ukimtajia malale anajua, wazee wa Liwale walihamishwa kwa maelfu miaka ya 1940 wakoloni wakisema ni malale, pori likabaki la wanyama. Kwahiyo kitu kilichowakinga babu za watu na mbung'o ndo hichohicho kinaweza kuja kugusa figo ya mjukuu. Nikiiwaza hiyo sipati usingizi haraka.

Ukipewa karatasi usisome urefu peke yake. Uliza kuna vifuko? Uliza nyama ya figo ikoje, mkojo unapita? Uliza presha, kreatinini, protini kwenye mkojo. Mwambie daktari nani kafa na nini pande zote mbili, kwa mama na kwa baba, hata kama kwa mila baba sio kwenu.

Shangazi sasa amepanga chumba hapa mjini, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Mkono wa kushoto pale walipounganisha mshipa ukiweka kidole unasikia unanguruma, wajukuu wanapenda kuweka sikio. Ndo yeye aliyeanzisha hili la daftari. Nyuma ya kurasa za baba za magunia na kilo tumeandika majina ya watoto na wajukuu wote wa babu, 27, mbele ya kila jina umri, presha, na kama kapimwa ultrasaundi. Mpaka juzi majina 16 yalikuwa na namba. Waliobaki wengi wako Newala, na wawili hawapokei simu zangu, wanajua ninachopigia.

Jumamosi napanda na mashine ya presha. Shangazi kaninunulia betri nne, kazifunga kwenye pembe ya kanga palepale alipofunga ile karatasi, akaniambia, "Hao wawili anza nao. Waambie mimi ndo nimekutuma."